Doa Upande wa Kulia

Kalamu ilikuwa mkononi, fomu ilikuwa juu ya goti, na Wathome Kiema alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza ya jina lake, daktari mwanafunzi alipomwinamisha kichwa Kavinya, binti wa Wathome, na kumchora mstari wa wino wa zambarau juu ya sikio. Sikio la kushoto. Nywele za upande huo zilikuwa zimenyolewa asubuhi, ngozi ikabaki laini kama ya mtoto mchanga. Za upande wa kulia zilikuwa bado zimesukwa mistari mitano, vile jirani yao Mama Opiyo alivyozisuka Jumapili.

Wathome akainua kalamu.

“Mbona huko?”

“Ndiko uvimbe ulipo, mzee. Kushoto.” Kijana hakugeuka. “Malizia kutia sahihi. Upasuaji ni kesho, na daktari mkubwa anataka karatasi zote kabla ya saa tisa.”

“Si kushoto. Ni kulia.”

“Ripoti inasema kushoto.”

“Mimi ripoti sijasoma. Nimeona picha.”

“Mzee, Daktari Mumin anajua kazi yake. Tia sahihi tu, kuna wengine wanangoja.”

Tia sahihi tu. Maneno hayo Wathome alikuwa ameshaambiwa mara moja maishani, akayatii, na yakamgharimu mke.

Ilikuwa miaka minne iliyopita, katika hospitali nyingine, kubwa kuliko hii. Nzembi aliingia na mguu uliovimba, akitembea mwenyewe, akilalamika kwamba ameacha sufuria haijaoshwa. Katika wodi ile kulikuwa na akina Nzembi wawili. Siku ya tatu sista alimletea Wathome karatasi, naye akaandika jina pale alipoonyeshwa kwa kidole. Kesho yake asubuhi alikuta kitanda kimetandikwa. Walisema ni moyo. Faili aliyoonyeshwa ilitaja mwanamke wa miaka sitini na miwili, na Nzembi wake alikuwa na arobaini na mmoja. Alipouliza, alitumwa dirisha namba nne. Dirisha namba nne likamtuma kwa msimamizi. Msimamizi alikuwa semina Naivasha, na nadhani yuko huko mpaka leo. Hakuna aliyefukuzwa kazi. Hakuna aliyekuja Mbotela, mtaani kwao, hata kusimama mlangoni aseme pole.

Tangu hapo, mtu yeyote aliyevaa kitambulisho shingoni alikuwa mwongo kwa Wathome mpaka ithibitishwe vingine. Na haikuthibitishwa. Mkuu wa shule alimrudisha Kavinya nyumbani kidato cha pili, kisa eti kifafa chake kinatisha wanafunzi wengine. Mchungaji alisema ni pepo, akamwombea mpaka sauti ikamkauka. Duka la dawa lilimpa vidonge vya kulala, mtoto akawa anasinzia mchana kutwa na kuanguka vilevile. Hospitali ya serikali ilikuwa na mashine ya MRI ya kupiga picha ya ubongo, lakini mashine ilikuwa inangoja kipuri kutoka ng’ambo. Ilingoja miezi minane. Wakubwa wenyewe wakiumwa kichwa wanapanda ndege.

Na kifafa chenyewe hakikuwa cha kurusharusha mikono kama watu wanavyodhani. Kavinya alianza kwa kunusa kitu kinachoungua, hata kama jiko limezimwa tangu jana. Kisha macho yalisimama. Midomo ilitafuna hewa. Mkono wa kulia ulijipinda kama tawi lililokauka, kidole kimoja kimoja, na ukimwita hakusikii. Ikipita, alikuwa anatafuta maneno kama mtu aliyeangusha funguo gizani. Mara nyingine haikuishia hapo, ndipo alipoanguka.

Mwishowe mashine ilipona, foleni ikafika, Kavinya akaingizwa ndani ya lile bomba na kulala humo nusu saa bila kutikisika. Wathome alikabidhiwa bahasha kubwa ya kaki. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, akaiacha ndani. Lakini ile karatasi nyeusi ya plastiki aliitoa, akaibandika kwenye kioo cha dirisha nyumbani, mwanga wa mchana ukapita.

Hapo ndipo ujue Wathome alikuwa mtu wa kazi gani. Kwa miaka thelathini alikuwa mchongaji katika karakana ya ushirika nyuma ya Majengo, na kazi yake ilikuwa vichwa. Twiga aliwaachia wengine. Alipoona zile picha ishirini za mviringo zimepangwa safu kwa safu, hakuna aliyehitaji kumweleza. Gogo. Wamempasua mtoto wake kama gogo, kipande juu ya kipande, kuanzia utosini mpaka shingoni, bila kumwaga tone la damu. Na katika vipande vinne vya katikati palikuwa na doa jeupe, ukubwa wa punje ya haragwe, kama fundo lililojificha ndani ya mti mzuri. Doa lilikuwa mkono wa kulia wa picha. Kwa wiki mbili alilitazama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kavinya mwenyewe alikataa kulitazama. “Sitaki kuona ndani yangu,” alisema, na mtu hawezi kulazimishwa jambo kama hilo.

Kwa hiyo sasa, katika wodi, Wathome alijua anachokijua. Alifunga kalamu. Aliuliza daktari mkubwa yuko wapi, akaambiwa yuko chumba cha upasuaji tangu alfajiri na hatoki leo. Aliuliza nani mwingine wa kuzungumza naye, sista akamwambia kwamba saa za kutembelea wagonjwa zimekwisha. Wathome akamwambia Kavinya avae viatu.

“Baba, zii, hapana. Kesho ndiyo siku.”

“Vaa viatu.”

Kavinya alikuwa na miaka kumi na sita, na sahihi ilikuwa ya baba. Waliletewa karatasi nyingine, ya kusema kwamba mgonjwa anaondoka kinyume na ushauri. Hiyo Wathome aliitia sahihi haraka, kwa jina zima.

Mama Opiyo alikuwa anaanika nguo nje ya nyumba yake alipowaona wanaingia uani. Jina lake Benta, alifanya ukarani reli miaka ishirini na sita, akastaafu na mdomo wake wote.

“Yawa! Baba Kavinya! Mbona mmerudi?”

“Wanataka kupasua upande usio wenyewe.”

“Nani amesema?”

“Macho yangu.”

“Macho yako ndiyo yaliyonunua maziwa yaliyoganda juzi, ukaniambia yako sawa.” Akamgeukia msichana, akamvua kitambaa alichojifunga kichwani, mikono ikabaki hewani. “Uwi! Mtoto wamemfanya nini?”

“Nusu harusi, nusu gereza la Kamiti,” akasema Kavinya. Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa kutoka. “Mama Opiyo, ninyoe tu huku kwingine. Siwezi kwenda dukani hivi.”

“Hakuna kunyoa,” akasema Wathome. “Watakunyoa wenyewe, upande unaofaa, nikishawaonyesha.”

“Ungeuliza, baba.”

“Niliuliza.”

“Ulibishana. Hukuuliza.”

Wathome aliingia ndani, akabandika picha kwenye kioo, doa likawa palepale, mkono wa kulia. Lo, mtu akiwa na haki anachoka kuliko mtu akiwa na kosa. Alikaa kwenye stuli akaitazama mpaka Mama Opiyo akaja kugonga na sahani ya omena.

“Kula. Ukifa wewe nani atabishana nao?”

Jumatano saa tatu asubuhi, saa ambayo Kavinya angekuwa amelala chini ya taa za upasuaji, alikuwa anamenya viazi nyumbani. Akainua kichwa, akanusa. “Kuna kitu kinaungua,” akasema, na kisu kikaanguka. Wathome alimdaka, akamlaza ubavu, akakaa sakafuni akimshika bega na kuhesabu kimoyomoyo kama alivyofundishwa. Midomo ilitafuna. Mkono wa kulia ukajipinda, ukakaza, ukakaa hivyo kwa muda ambao hakuna mzazi anayeuzoea. Wathome aliutazama ule mkono. Kulia! Picha inasema kulia, mkono unasema kulia, na watu walioenda shule hadi nywele zikaota mvi wanachora mstari kushoto.

Kavinya alipopata nafuu, Wathome alimwachia Mama Opiyo amwangalie, akachukua bahasha, akaenda karakana.

Alichagua jakaranda, kwa sababu ni mti mlaini na mweupe, haukuletei ubishi. Alichonga bila kupumzika, tezo kwanza, kisha patasi. Hakikuwa kichwa cha mtalii chenye masikio marefu na shanga. Kilikuwa kichwa cha msichana wa Mbotela, pua fupi, paji pana la mama yake.

Nyamai, waliyekaa benchi moja miaka kumi na tano, alisimamisha msasa wake.

“Mzungu gani huyo ameagiza kichwa chenye uso wa kununa?”

“Si cha mzungu.”

“Basi ni cha mama mkwe.”

Wathome akatoa rula, akapima picha, akapima mti, akachora mistari kuzunguka kichwa, akakifunga kwenye jiliwa. Akachukua msumeno.

“Ebu ngoja,” akasema Nyamai. “Umechonga tangu asubuhi, na sasa unakikata?”

“Ndiyo.”

“Vipande?”

“Vipande.”

“Ndugu yangu, nenda nyumbani ulale.”

Alikata vipande ishirini, vikiwa vinalaliana bila pengo. Kila kipande alikiweka mezani, pua ikielekea mbali naye, akakitazama kutoka juu, akalinganisha na picha yake, akachora alichokiona. Katika vipande vinne vya katikati alitia doa kwa wino mwekundu. Alipovirudisha vyote pamoja, kichwa kikasimama kizima, na ukikifungua unakuta fundo jekundu ndani, juu kidogo ya sikio la kulia. Nyamai alikuja akakifungua na kukifunga mara mbili.

“Sasa nimeelewa,” akasema polepole. “Pole, Wathome. Ila kazi ni safi, jamani. Kazi ni safi.”

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Wathome na Kavinya walikaa kwenye benchi tangu saa moja, kichwa kimefungwa katika mfuko wa unga kati yao, na walipoitwa ilikuwa inakaribia saa nane. Daktari Mumin alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu, nusu ya mkate imekaa kwenye droo iliyoachwa wazi. Wathome alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikuwa amezipanga tangu Mbotela, maneno makali yote yamesimama foleni.

“Wewe ndiye uliyemtoa mgonjwa wangu,” akasema Mumin.

“Nimemtoa kwa sababu mlitaka kumuua. Mko hapa kula mishahara, mtu akiwa na macho yake mnamfukuza. Tazama hii.”

Akafungua mfuko, akaweka kichwa mezani.

Mumin akaondoa kipande cha juu, kisha cha pili, akavipanga mezani kama mtu anayepanga vikombe vya wageni.

“Nani amechonga?”

“Mimi.”

“Umepima kutoka kwenye picha?”

“Kwa rula.”

“Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii,” akasema Mumin, “na hakuna aliyewahi kuniletea kitu kama hiki.” Akachukua kipande chenye doa. “Sasa niambie. Ulipochora hapa, ulikuwa umesimama wapi?”

“Juu. Gogo linatazamwa kutoka juu.”

“Haya. Kavinya, lala hapo kitandani, chali. Mzee, njoo. Si huko kwenye kichwa. Huku, kwa miguu.”

Wathome alisogea, akasimama miguuni pa binti yake, akihisi kama anachezewa. Kavinya alitazama dari, pua juu.

“Chukulia kwamba umekata hapo kwenye usawa wa nyusi, ukaondoa kila kitu cha chini, na sasa unachungulia ndani ya kichwa kama unavyochungulia ndani ya kofia. Kutoka hapo ulipo. Hivyo ndivyo picha inavyosomwa, dunia nzima. Nyoosha mkono wako wa kulia. Uko upande wa sikio gani?”

Wathome akanyoosha mkono. Mkono wake wa kulia ulielekea ngozi iliyonyolewa na mstari wa zambarau uliokuwa umeanza kufifia.

Alirudi mezani, akachukua kipande cha jakaranda, akakigeuza juu chini, pua ikielekea mbali naye tena. Akafikiria doa limechorwa upande huo wa chini, mkono wa kulia, kama lilivyo kwenye picha. Kisha akakigeuza tena kama kinavyokaa kichwani, akaweka kidole pale ambapo doa lingekuwa. Kushoto. Alikuwa amechora upande wa juu wa kipande kitu kilichopaswa kuchorwa upande wa chini. Mwanagenzi wa wiki mbili angechapwa kofi kwa kosa hilo.

“Na mkono?” akauliza, sauti imeshuka. “Mkono unaojipinda ni wa kulia.”

“Waya za mwili zinapishana chini ya fuvu. Ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia. Mkono wake ndio uliotuonyesha njia, hata kabla ya picha.” Mumin akachomoa picha, akaonyesha pembeni. “Na waliandika. Unaona hii R? Ni ya Kiingereza, maana yake kulia. Iko huku kwenye mkono wako wa kushoto.”

“Hiyo nilidhani ni jina la mashine.” Hasira ikamrudia kidogo, kama mtu anayeshika ukuta asianguke. “Kwa nini hamwandiki kwa lugha ya watu?”

“Tungeandika K, mzee. K ya kulia. Na upande wa pili tungeandika K ya kushoto.”

Kavinya akacheka pale kitandani. Alicheka kweli, mkono mdomoni. Wathome peke yake ndiye ambaye hakucheka.

“Hayo yote mngeniambia Jumanne.”

“Ulipaswa kuambiwa,” akasema Mumin. “Ilikuwa haki yako. Nilimwachia kijana fomu, nikaingia kwa mgonjwa mwingine. Nimekosa.”

Miaka minne Wathome alikuwa akingoja mtu mwenye cheo aseme neno hilo. Alikuwa ameota jinsi atakavyolipokea. Sasa limekuja, na limetoka kwa mtu asiyekuwa na habari za Nzembi, na halikumpa chochote cha kushika.

“Basi lete fomu,” akasema. “Nitie sahihi. Mpasueni kesho.”

Mumin akafungua daftari, ingawa ilionekana anajua kilichomo.

“Uvimbe huu umekaa karibu na mahali maneno yanapokaa. Siwezi kuutoa bila darubini ya upasuaji, na darubini tunagawana na hospitali nyingine. Inakuja siku mbili kwa mwezi. Jana nafasi yake nilimpa mgonjwa mwingine. Mwezi ujao pamejaa.” Akapitisha kidole. “Wiki saba.”

Wathome alifungua mdomo. Hapo ndipo mahali pa kusema habari za serikali, za darubini moja kwa watu milioni ngapi sijui, na za wakubwa na ndege zao. Na yangekuwa kweli, kila neno. Lakini vile vipande vilikuwa vimetandazwa mezani mbele yake, na wino mwekundu ulikuwa wake.

“Wiki saba,” akasema Kavinya. Alikuwa ameketi sasa, miguu inaning’inia. “Sawa. Basi nisuke au ninyoe?”

Alinyoa. Mama Opiyo alimnyoa kichwa chote uani, akisema sasa anafanana na askari wa akiba.

Wiki ya kwanza ilipita, na ya pili. Wiki ya tatu Kavinya alikuwa anachemsha chai aliponusa kile kitu kinachoungua, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumdaka. Alianguka, mkono wa kulia ukatua kwenye jiko. Mama Opiyo ndiye aliyesikia sufuria ikianguka. Wathome alipofika zahanati alikuta mkono umefungwa bandeji kutoka kiwiko hadi vidole, na Kavinya anatafuta maneno. “Ni... ni kidogo tu,” alisema. Ngozi ilipona vibaya, ikaacha kovu linalong’aa kama sabuni.

Watu waliuliza, kama watu wanavyouliza. Pale Mbotela, Wathome aliwaambia kwamba hospitali imechelewesha. Kanisani akasema vivyo hivyo. Lilikuwa jibu jepesi, na hakuna aliyelishangaa, kwa kuwa kila mmoja ana ndugu aliyecheleweshwa na hospitali.

Kisha siku moja Nyamai akamwona amekaa tu na patasi mkononi.

“Hawa wakubwa watatumaliza,” akasema Nyamai. “Mtoto anaungua, wao wanapiga kalenda tu.”

Wathome alichonga mara mbili, tatu. Alikuwa anatengeneza vijiko vya saladi, kazi isiyohitaji akili.

“Mimi ndiye niliyemtoa,” akasema.

“Nini?”

“Siku yake ilikuwa imefika. Alikuwa ameshanyolewa. Mimi ndiye niliyemtoa.”

Nyamai alimtazama. Akasukuma kopo la rangi ya viatu katikati ya benchi, ile wanayong’arishia, wote wawili wakaendelea na kazi.

Wiki ya saba Wathome alikaa tena na fomu gotini. Safari hii Mumin alikuja mwenyewe, akaeleza. Anaweza kuamka sawa. Anaweza kuamka akiwa amepoteza maneno kwa siku chache, au kwa miezi, au mengine yasirudi. Anaweza asiamke. Bila upasuaji uvimbe utazidi kukua na kifafa kitazidi. Wathome alisikiliza hadi mwisho, akaandika jina lake lote, Wathome wa Kiema, polepole.

Walimwingiza saa mbili asubuhi. Saa nane na dakika kumi Mumin alitoka, kofia ya kitambaa imelowa jasho. Karibu wote umetoka, alisema. Kipande kimepelekwa maabara, ila kwa macho yake unaonekana ule wa kukua polepole. Vidonge ataendelea navyo miaka miwili angalau, na baada ya miezi mitatu picha nyingine. Habari ya maneno hawezi kuisema mpaka aamke vizuri. Wathome alishukuru. Alitaka kuongeza kitu, akakuta hana, akashukuru tena.

Kesho yake asubuhi sista alikuja kitandani na kisinia kidogo. Kichwa cha Kavinya kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe, uso umevimba upande mmoja, jicho la kushoto limekuwa mstari tu. Wathome alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

“Kavinya, niambie hii ni nini.”

Kavinya akatazama. Muda ukapita.

“Kijiko.”

“Na hii?”

“Ni ya... ya nywele. Ya kuchana.” Akafumba jicho. “Chanuo.”

“Vizuri. Hii?”

“Funguo.”

“Na huyu ni nani?” Sista akaelekeza kalamu kwa Wathome.

Kavinya akamtazama baba yake. Midomo ikafunguka, ikajifunga. Ikafunguka tena bila sauti. Sista akainamisha kichwa akingoja, na mgonjwa wa kitanda cha pili naye akageuza shingo. Wathome alitaka kumsaidia, kumtajia, lakini alikuwa ameambiwa asitaje.

“Huyu,” akasema Kavinya, neno baada ya neno, “ni mbishi mmoja... wa Mbotela.”

Sista akaguna. “Mimi nataka jina.”

“Baba. Wathome.” Akavuta pumzi. “Anatoka jasho. Mpe kiti.”

Sista akaandika kwenye karatasi yake, akasogeza kiti kwa mguu. Wathome akakaa. Hakulia, alikaa tu, kofia juu ya paja, akiutazama ule mkono wa kulia wenye kovu uliolala juu ya blanketi, vidole vimelegea. Uji wa saa nne ukaletwa, umepoa. Akachukua kijiko, akaanza kumlisha.